Mwenye Alilala ku Simenti

Moto ya kwanza ilimukutia Adélaïde ku mashini, anashona robe ya communion ya mutoto ya batu. Ilikuwa inanyesha, ile mvula yetu ya Novemba yenye inaingia mpaka mu mifupa, mutaa yetu Muhumba yote iko mu jaketi. Yeye alikuwa na kablouse kepesi na pagne ya kitenge. Mara akasikia kama mutu amefungua mulango ya four ya mukate mu kifua yake. Ile moto ikapanda, ikafika ku shingo, ku masikio, ikajaa kichwa. Jasho ikamwagika juu ya kitambaa nyeupe ya batu. Akaacha kukanyaga mashini, akaenda kusimama inje, mvula inamupiga ku uso, na yeye anafunga macho sawa mutoto mwenye banamuogesha maji ya muzuri.

Jirani yake Gisèle, mwenye anauzishaka makala upande ya pili ya njia, akamuangalia weee, akashindwa kunyamaza.

"Mama Gloire, unaoga na nguo?"

"Moto, dada."

"Moto ya wapi? Mimi hapa meno inagongana. Basi kuja uikale juu ya makala yangu, tutapikia sombe palepale."

Bakacheka bote mbili. Adélaïde alikuwaka mutu ya kucheka, mujue hivyo. Hata ile mwaka bamukata ziwa ya kushoto juu ya kansere, siku ya kwanza ya kufumbua macho mu hopitali, aliuliza docteur: "Sasa ku soko ya soutien za kufunga maziwa, si batanipunguzia nusu?" Docteur Valérie alikuwa angali kijana, akacheka mpaka akatoa machozi, na haya mambo ya machozi ya muganga, sijue kama ilikuwa ya kucheka tu.

Huyo Docteur njo alimueleza ile moto. Kumbe ilikuwa inatoka ku kidonge. Kisha kukata, kisha ile dawa ya mushipa yenye ilimumaliza nywele, bakamupatia kidonge kidogo cheupe, akimeze kila siku miaka tano, juu ule ugonjwa usirudi. Sasa kile kidonge kinamufanya mwanamuke azeeke ndani mbele ya saa. Moto inapanda wakati inapenda, na usingizi inakimbia.

"Bamama bengine pia?" Adélaïde akauliza.

"Bengi. Bananiambia banaamuka shuka imelowana kama bameitoa mu maji. Lakini usikiache, Maman. Itakuchokesha, ile moto. Haiuake mutu. Ile ingine njo inauaka."

"Sawa, Docteur."

Na akakimeza. Asubui, kisha chai, mbele ya kufungua mashini, anapiga kimusalaba anakimeza.

Lakini kulala ilikuwa kazi. Mutu mwenye hajakosa usingizi anafikiri usingizi ni kitu ya bure. Adélaïde alikuwa anapata yake bipande-bipande, sawa bile bitambaa binaanguka chini ya mashini, hauwezi kushona nabyo hata mufuko ya mutoto. Ku kitanda, godoro ilikuwa inashika ile moto na kumurudishia. Siku moja akachoka, akashuka chini. Simenti ya nyumba ile bamepaka rangi nyekundu, na baridi yayo unajua vile baridi ya Bukavu iko. Akatandika pagne moja, akatia shavu pale. Akasikia mwili yote inasema asante. Akalala. Tangu ile siku njo ikakuwa dawa yake: moto ikija, anashuka, ikienda, anapanda ao anabaki palepale mpaka kuku ya jirani inalia. Hakuna mutu alimuona. Gloire, mutoto yake, alikuwa ameshaolewa ku Uvira, na bwana yake Gracien alikuwa ku Kamituga.

Gracien alikuwa anauzishia bacreuseur, bale banachimba zahabu kule, bitu byao: mabotte, taa za kichwa, maharagi, sukari. Si mutu mubaya, hapana. Wakati ya operesheni alikuja, akaikala pembeni ya kitanda na kushika sahani ya uji ya bouillie mukononi sawa mwanamuke. Kisha njo akarudia kazi. Na ile barabara ya Kamituga, mvula ikinyesha, pikipiki inazama na mutu yake juu, hauwezi kusema unakuja kusalimia bibi kisha unarudia kesho. Ku telefone alikuwa anauliza: "Unalala muzuri?" Adélaïde anajibu: "Ninalala." Mutu mugonjwa anajifunzaka kujibu hivyo. Mambo ya simenti, angelianzia wapi kuisema mu telefone yenye inakatika?

Sasa Gracien akarudia, na malaria juu. Alishuka ku taxi-moto mwembamba, macho manjano, jaketi mbili, na bado anatetemeka. Adélaïde alifurahi mpaka akasahau mashini wazi. Akamuchemushia maji, akamupatia dawa. Mama ya Gracien akapata habari, akatoka kijiji yake Nyantende siku hiyohiyo na unga ya muhogo, lengalenga, na kuku moja ya kumurudishia mutoto nguvu.

Huyu mama bote banamwitaka M'Buhendwa, jina ya baba yake. Muzee mufupi, mugongo ya jembe, mukono nguvu. Alizaa batoto bengi na akazika karibu bote. Gracien njo alibaki, na dada yake moja mwenye iko mbali. M'Buhendwa akimuangalia Gracien anakula, hata wewe mwenye unapita unashusha macho chini, juu unaona ni kama unaangalia mutu anasali.

Bakala kuku, mama akalala mu chumba ya Gloire. Na ku kitanda ya bibi na bwana, Gracien akajifunika blanketi mpaka juu ya kichwa, vile mutu ya malaria anafanyaka, akalala mugongo, kimya. Mwili yake ilikuwa inawaka. Adélaïde pembeni naye anawaka yake. Ebu fikiri: jiko mbili mu kitanda moja, dirisha imefungwa. Akavumilia, akavumilia. Mwisho akashuka polepole juu asimuamushe, akatia shavu ku simenti.

Asubui, jua inatoka tu, M'Buhendwa akapika bouillie ya mutoto yake. Akafungua rideau, ile pazia ya mulango ya chumba, na kopo mukononi.

Akaona nini? Mutoto yake amenyooka juu ya kitanda, amefunikwa uso na kichwa, hatikisike. Na mukamwana yake chini, ku simenti, amelala na pagne moja.

Mutu ya kwetu hawezi kuuliza hapo. Kwetu mwanamuke anashuka chini siku bwana yake amekufa. Kitanda inatoka, benye kilio banatandika chini, mujane anaikala pale na kulala pale mpaka siku bataondoa matanga. M'Buhendwa yeye mwenyewe alilala hivyo. Kopo ikaanguka. Akatia mikono ku kichwa, akaanza kulia mutoto yake na majina yake yote, ya Ukristo na ya Kishi, luga yetu, na jina ya baba yake, na yale majina ya utoto yenye hata Gracien alikuwa ameshasahau.

Gisèle akasikia, akaacha makala. Bamama bengine bakaingia, mikono ku kichwa, moja tayari ameshafungua kitambaa yake. Nyumba ikajaa kilio. Sasa chini ya blanketi kitu ikatikisika, kichwa ya Gracien ikatoka, nywele zimesimama.

"Nani amekufa?" akauliza.

Gisèle akaikala chini, akacheka mpaka akashika tumbo. "We Papa Gloire, umetuharibia kilio. Basi lala tena kidogo tumalize."

Na bale bamama bote bakacheka, hata Adélaïde akacheka, pale chini, anatafuta pagne yake. M'Buhendwa hakucheka. Alienda kushika mutoto yake uso, mashavu, kifua, sawa mutu anachagua mbuzi, mpaka akaamini. Kisha akaomba bageni batoke. Bakatoka.

"Mukamwana yangu," akasema, polepole. "Mimi nilikukosea nini?"

"Hapana, Maman."

"Ile fasi umelala, mimi niliilala. Mwanamuke anashukaka pale mara moja mu ndoa yake. Unamupimia huyu kaburi angali anapumua? Unaita kilio?"

"Maman, ni moto. Ni kidonge ya ile ugonjwa, inanipandisha moto, ku kitanda siwezi. Docteur anajua."

"Docteur anajua mwili. Docteur hajue kilio yetu." Akafuta macho na ncha ya kikwembe. "Sikugombeze. Nilikulilia ku hopitali, Mungu Nyamuzinda anajua. Lakini huyu ni yeye tu njo amebaki. Uchukue mukono yangu. Unipatie neno: hautashuka tena pale, bwana yako angali hai."

Adélaïde akamuangalia Gracien. Alikuwa anamungojea aseme kitu, hata kidogo, hata "Maman, acha". Gracien alikuwa anaangalia ile bouillie imemwagika chini. Alikuwa mugonjwa, ni kweli. Na mbele ya mama yake hakuwaka na mudomo, tangu utoto.

Basi Adélaïde akachukua ule mukono ya jembe, akatoa neno. Na neno ya kutoa mu mukono ya mama-mukwe haifanane na ya kutoa ku bureau ya état civil siku ya kuandikisha ndoa. Ile unaibeba.

Akaibeba. Moto inakuja, analala wima kama ubao, jasho inajaa mu shingo, hasogei. Akikuwa anageuka-geuka kitanda inalia sawa mbuzi, na Gracien mwenye alikuwa ameshapona malaria anaamuka.

"Mama Gloire, ni mimi ninakusumbua?"

"Hapana. Lala."

"Kama ni mimi ninanuka Kamituga, useme tu, nitaoga tena."

Anacheka kidogo, naye anacheka kidogo, na kila mutu anageukia ukuta yake. Gracien akaanza kufikiri bibi yake hamutaki tena. Adélaïde akaona anafikiri hivyo. Akaona pia vile anaanza kuzungumuza kurudia Kamituga mbele ya wakati. Ku kwaya ya kanisa bamama banasemaka: mwanamuke akikimbia kitanda, anamutengenezea mwingine fasi. Na yeye tayari upande moja ya kifua haina kitu. Aliogopa, basi. Hakuogopa kufa, juu alikuwa ameshaonana nayo, kufa. Aliogopa kubaki mu nyumba yenye bwana anapita tu kuchukua nguo.

Mu muchana akawa mutu ya kuhurumia. Sindano ikamupita mu kidole. Akashona mukono ya kushoto ya shati fasi ya kuume, mwenye shati akamugombeza. Mu misa padiri anahubiri, yeye kichwa inaanguka, Gisèle anamufinya: "Amuka, wewe, hatujafika ku Amina."

Siku moja asubui, chai imekwisha, akachukua kidonge, akapiga kimusalaba. Mukono ikasimama. Akakitia mu mufuko ya tablier. Akajiambia: leo tu, nilale leo tu, kesho nitakimeza. Kesho pia akakitia mu mufuko. Hakuikala chini kusema sasa ninaacha. Ni vile njia inaotaka majani: hakuna siku unasema leo njo imefungwa.

Na moto ikapunguka. Haikukwisha mara moja, lakini ilipunguka, na usingizi ikarudi. Usingizi ya kweli, nzima, kitambaa ya mita yote. Akaanza tena kuimba ku mashini. Akanenepa. Gracien akakawia kurudia Kamituga, na wakati alienda, alienda na furaha, na kila mara barabara inakauka kidogo yuko ku mulango. Usiku anamushika mukono ku kitanda, na anasema: "Sasa umepona kweli." M'Buhendwa naye akaja na maharagi mupya, akamuambia Gisèle mbele ya bote: "Huyu mukamwana anajua neno ni nini. Nilimuambia mara moja tu."

Ku Docteur Valérie hakurudi. Angesema nini? Bidonge byote biko mu kopo ya maziwa Nido nyuma ya bitambaa. Kila mwezi anasema nitaenda kisha Pasaka, kisha communion ya batoto, juu wakati hiyo kazi ni mingi. Ilikuwa mwaka ya muzuri. Kama mungemuona mungelisema hivyo.

Kisha mugongo ikaanza kumuuma. Akasema ni mashini. Gisèle akamukanda na mafuta ya mawese, akamuchokoza: "Ni Papa Gloire ndiye anakuvunja, usisingizie mashini." Mafuta haikusaidia. Kisha, anaoga, mukono ikapita juu ya mufupa ya bega, karibu na shingo, ikakuta kitu, kigumu, kidogo sawa punje ya haragi. Akanawa sabuni yote. Akakauka. Akavaa nguo yake ya misa, akaenda ku hopitali na miguu.

Docteur Valérie akamupima, akamutuma ku machine ya kupiga picha ya mifupa, akamuita tena. Aliuliza swali moja tu: "Maman, kidonge?"

Adélaïde akamuambia. Yote, na kilio ya uongo, na Gracien anauliza nani amekufa. Alifikiri Docteur atacheka ile fasi. Docteur akatia bic yake ya kuandikia chini.

"Ungekuja kuniambia. Tungetafuta namna. Kuna dawa ingine ya kupunguza ile moto, hata kuongea tu na bwana yako..."

"Ulisema moto haiuake mutu."

"Nilisema hivyo."

"Haikuniua, Docteur. Ulisema kweli."

Inje mutu anaita numero ya mugonjwa mwingine, tena na tena, na ule mugonjwa hajibu.

Ile kitu ilikuwa imeshaingia mu mifupa. Docteur hakumudanganya: kupona, hapana, kupata wakati, ndiyo, kama anafuata dawa ingine. "Na hiyo mupya, inaleta moto?" Adélaïde akauliza. Docteur akasema inaleta. Na hapo njo Adélaïde akacheka, peke yake.

Gracien alipofika toka Kamituga, Adélaïde hakungojea aoge. Alimupatia kiti mu parcelle, inje ya nyumba, akatia ungo ya maharagi ku magoti, na bakaanza kuambua bote mbili, juu mambo mingine inasemekana muzuri kama mikono iko na kazi. Akamuelezea. Gracien akaacha kuambua.

"Juu ya kulala chini?"

"Juu ya kulala chini."

"Mama Gloire. Mimi ku Kamituga, unafikiri ninalalaka wapi?"

Hakujua. Hakuwaka amemuuliza.

"Chini. Sisi bote tunalala chini, mu bahema ya kaveera, plastiki tu, tunajipanga sawa samaki. Miaka yote ile. Kitanda yangu ni hii ya hapa tu. Hakuna mutu alisema bwana fulani analala chini, anaita kilio."

"Ile asubui ungelisema hivyo kwa mama."

"Ningelisema."

Punje ya haragi ilikuwa imeanguka kati yao, kuku ikaja ikaichukua. Gracien akalia, na alikuwa mutu mwenye hajue kulia, anatoa sauti mbaya sawa pompe inavuta upepo. Adélaïde hakumunyamazisha. Alikuwa na kasirani, musifikiri hakuwa nayo. Ilikuwa pale, kubwa, sawa moto yenyewe, ikapanda mpaka ku masikio. Akangojea ishuke. Kisha akachukua ungo yake, akaendelea.

"Kesho ninaenda Nyantende," Gracien akasema. "Nitamuambia. Lazima ajue amefanya nini."

"Hautaenda."

"Adélaïde."

"Alizika bangapi, mama yako? Unataka kumuongezea mimi, na useme ni mukono yake mwenyewe? Ataikala na ile namna gani? Hapana. Ulinyamaza wakati ya kusema. Sasa unyamaze wakati mimi ninakuomba."

Akaitika. Kitanda bakaitoa mu chumba, Gracien mwenyewe akaitoa, bakalala chini bote mbili, dirisha wazi, yeye na jaketi zake mbili. Kila mara mama akitangaza anakuja, banairudisha fasi yake.

M'Buhendwa aliambiwa tu ugonjwa imerudi. Alikuja Dimanche kisha misa, muchana, na mufuko mukononi. Alikuwa amepita ku soko ya Kadutu ku bitu bya mitumba, akachagua tricot ya sufu, nzito, rangi ya kiini ya yai, kola inapanda mpaka ku kidevu. Akaikala pembeni ya mukamwana yake ku kitanda, akamugusa mikono.

"Umelowana, na baridi hii. Ni homa. Kuja nikuvalishe."

Gracien alikuwa amesimama ku rideau. Akafungua mudomo. Adélaïde akamuangalia, na Gracien akaifunga.

Muzee akamuingiza mukono moja, kisha ingine, polepole, sawa mutu anavalisha mutoto wa kwanza. Akafunga bifungo byote, mpaka ile ya juu kabisa. Akapapasa upande ya kushoto, fasi haina kitu, akanyoosha sufu ikae muzuri.

"Sasa utalala," akasema. "Si hivyo? Ulinisikia ile siku, na Mungu anaona. Hautashuka chini, wewe."

"Ndiyo, Maman. Ninasikia muzuri."

Na moto ikaja. Adélaïde akaisikia inafungua mulango mu kifua, chini ya ile sufu yote. Jasho ikaanza kutembea mu mugongo. Hakufungua kifungo hata moja. M'Buhendwa alikuwa anamuelezea mambo ya Nyantende, vile mihogo imeshikwa na ugonjwa, vile mutoto ya katekista anataka kuoa, na Adélaïde anaitika, "ndiyo, Maman", "kumbe, Maman", uso inametameta, mpaka muzee akamaliza habari zake zote na kuomba njia.